Sigara na kitambi vinavyoungana kuuchosha ubongo wa mzazi

Katika mitaa mingi yupo baba wa aina hii. Ana miaka 42, ana watoto watatu, na kitambi ambacho ndugu zake wanakisifia kuwa ni dalili ya mambo kumwendea vizuri. Sigara alianza akiwa kijana. Asubuhi huvuta moja kabla ya chai, kazini mbili au tatu, na jioni hutoka nje "kupunga upepo" kisha hurudi ndani akimung'unya pipi kifua. Watoto hawadanganyiki. Mdogo wa miaka sita akikumbatiwa hugeuza uso pembeni.

Baba huyu amejaribu kuacha mara mbili. Mara ya kwanza alikaa miezi miwili bila kuvuta, akaongezeka kilo tano na suruali zikamkataa. Mara ya pili alifika wiki ya saba. Mara zote mbili alirudi kwenye sigara kwa sababu ileile.

"Mama watoto, nikiacha hii kitu nitapasuka," alimwambia mkewe.

"Na usipoacha, baba watoto?" mkewe akamjibu. Mazungumzo yakaishia hapo.

Ndani ya hoja ya baba huyu kuna imani iliyoenea, kwamba sigara na uzito ni kama mizani ya dukani: kimoja kikipanda kingine kinashuka, kwa hiyo mvutaji angalau anajikinga na unene. Wanaochunguza ubongo kwa vipimo vya kisasa wameona mambo tofauti. Mtu mwenye vyote viwili, sigara na uzito uliozidi, anaubebesha ubongo wake mizigo miwili. Na mizigo hiyo inaangukia maeneo yaleyale: yale yanayomwezesha mtu kusikia hamu, kuipima na kuikataa.

Mzazi akilielewa hilo, ataelewa pia kwa nini kumwambia mvutaji "huna nia" hakusaidii, na kwa nini miezi mitatu ya kwanza baada ya kuacha inahitaji nyumba nzima.

Njia za mawasiliano kichwani

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takribani asilimia 2 tu ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote inayovutwa. Haulali. Hata mtu akikaa kibarazani bila kufanya lolote, sehemu mbalimbali za ubongo wake zinaendelea kuwasiliana.

Jambo hili lilianza kuonekana vizuri miaka ya 1990. Mwaka 1990 mwanasayansi Seiji Ogawa na wenzake walionyesha kuwa mashine ya MRI inaweza kufuatilia mabadiliko ya oksijeni katika damu ya ubongo. Mwaka 1995 Bharat Biswal, aliyekuwa Wisconsin nchini Marekani, alionyesha kuwa maeneo mawili ya ubongo yaliyo mbali yanaweza kupanda na kushuka kwa pamoja hata mtu akiwa ametulia. Maeneo yanayokwenda pamoja namna hiyo huhesabiwa kuwa yameunganishwa. Kundi la maeneo kama hayo huitwa mtandao wa ubongo.

Mfano rahisi ni nyumba za mtaa mmoja usiku. Ukiona taa za nyumba tatu zinawaka na kuzimika kwa wakati mmoja kila siku, utajua zina uhusiano, hata kama huuoni waya unaoziunganisha.

Kwa habari ya sigara na uzito, mitandao mitatu ndiyo inayotajwa mara nyingi.

Wa kwanza ni mtandao wa mapumziko, unaofanya kazi mtu anapowaza mambo yake: jana ilikuwaje, kesho itakuwaje, mimi ni nani. Marcus Raichle na wenzake wa St. Louis nchini Marekani waliueleza mwaka 2001.

Wa pili ni mtandao wa kengele. Kazi yake ni kusikiliza mwili na mazingira, kisha kutoa taarifa kuwa jambo fulani ni muhimu sasa hivi: njaa, kiu, maumivu, hamu. Kitovu chake kimojawapo ni eneo dogo lililojificha ndani ya mkunjo wa ubongo, liitwalo insula.

Wa tatu ni mtandao wa breki. Huu unategemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso. Ndio unaopanga, unaosubiri na unaosema "inatosha."

Kando ya mitandao hiyo kuna mfumo wa zawadi, unaotumia kemikali ya dopamini kuufundisha ubongo kwamba kilichofanyika kirudiwe. Katika ubongo wenye afya, kengele hulia, breki hupima, na mtu huchagua.

Sigara inavyoingia

Mtu akivuta moshi, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 20 hivi. Huko hujishikiza kwenye vipokezi vya seli za neva ambavyo kwa kawaida hutumiwa na kemikali ya mwili wenyewe. Dopamini humwagika na mtu huhisi ametulia.

Kadiri miaka inavyokwenda, ubongo wa mvutaji huongeza idadi ya vipokezi hivyo. Vipokezi vingi vikikosa nikotini, kengele hulia kwa nguvu: hasira, wasiwasi, kukosa utulivu, njaa isiyoeleweka. Mvutaji anapowasha sigara nyingine, sehemu kubwa ya raha anayoisikia ni kunyamaza kwa kengele iliyoletwa na sigara iliyotangulia.

Mwaka 2014, Caryn Lerman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwapima kwa MRI wavutaji 37 mara mbili: siku walipovuta kama kawaida, na siku walipokaa saa 24 bila kuvuta. Walipokosa sigara, mawasiliano kati ya mtandao wa kengele na mtandao wa mapumziko yalidhoofika. Kadiri yalivyodhoofika ndivyo hamu ya kuvuta ilivyokuwa kubwa.

Nguvu ya eneo la insula ilikwisha kuonekana kwa njia nyingine mwaka 2007. Nasir Naqvi, Antoine Bechara na wenzao walichunguza wavutaji waliowahi kupata madhara ya ubongo, kwa mfano kutokana na kiharusi. Wale ambao insula yao iliharibika walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuacha sigara ghafla, kwa urahisi na bila kurudiwa na hamu. Kengele ilikuwa imekatika.

Hakuna anayemtakia mzazi kiharusi ili aache sigara. Lakini utafiti huo uliweka wazi jambo moja: hamu ya sigara ina makazi yake ndani ya ubongo, na mtu anayeshindana nayo anashindana na kitu halisi.

Moshi pia unaleta hewa ya kaboni monoksidi. Hewa hii hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inayopanda kichwani huwa imepunguziwa oksijeni, katika kiungo ambacho ndicho mlaji mkubwa wa oksijeni hiyo.

Na uzito nao

Mafuta ya mwilini, hasa yale ya tumboni, hayakai tu kama akiba ghalani. Hutoa kemikali zinazoingia kwenye damu, na baadhi yake huchochea uvimbe wa ndani kwa ndani katika mishipa. Presha hupanda, sukari huanza kukataa kushuka, na mishipa midogo inayolisha ubongo huchakaa.

Kuna pia suala la kushiba. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake, jijini New York, waligundua homoni ya leptini, inayotolewa na mafuta ya mwili ili kuuambia ubongo kuwa akiba ipo, kula kupunguzwe. Kwa watu wengi wenye unene uliokithiri, ambao wataalamu huuita kiribatumbo, homoni hiyo iko kwa wingi lakini ubongo hauisikii ipasavyo. Taarifa inatumwa, haipokelewi.

Vipimo vya MRI vya watu wenye unene uliokithiri vimeonyesha mara nyingi kuwa maeneo ya kengele na zawadi huitikia kwa nguvu picha za vyakula vitamu na vya mafuta, na kwamba mawasiliano ya maeneo hayo na eneo la breki ni tofauti na ya watu wenye uzito wa kawaida. Haya ni maeneo yaleyale yanayotajwa kwa wavutaji. Chipsi za jioni na sigara ya jioni zinapita njia moja.

Jambo jingine ni usingizi. Mzazi mwenye uzito mkubwa na shingo nene anaweza kuwa anakoroma hadi pumzi inakatika usiku, kisha anashtuka kama anayezama. Kila pumzi inapokatika oksijeni hushuka. Asubuhi anaamka amechoka, ana hasira, anatafuta sukari na sigara ili achangamke.

Vikikutana

Mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na Simon Cox wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskochi, walichapisha uchambuzi wa picha za ubongo za watu 9,772 nchini Uingereza, wenye umri wa miaka 44 hadi 79. Waliangalia vihatarishi vya mishipa ya damu, vikiwemo sigara, presha, kisukari, uzito kulingana na urefu, na ukubwa wa kiuno ukilinganishwa na nyonga.

Matokeo yalikuwa ya kujumlisha. Kadiri mtu alivyokuwa na vihatarishi vingi, ndivyo ubongo wake ulivyoonekana kusinyaa zaidi, na ndivyo nyaya za ndani zinazounganisha eneo moja na jingine zilivyoonekana dhaifu. Sigara, presha na kisukari vilijitokeza kuliko vingine. Maeneo yaliyoguswa zaidi yalikuwa yale ya fikra ngumu, ambayo pia huathiriwa katika maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Na uhusiano huo ulionekana hata kwa watu wa umri wa kati, wale ambao bado wanalipa ada za shule.

Hapo ndipo hoja ya mizani inapoanguka. Sigara haimwondolei mtu madhara ya unene. Tena, ingawa wavutaji kwa wastani huwa na uzito mdogo kidogo, mafuta waliyo nayo hupenda kukaa tumboni. Sigara huufanya mwili uitikie vibaya homoni ya insulini, na wavutaji wana uwezekano wa asilimia 30 hadi 40 zaidi wa kupata kisukari cha aina ya pili kuliko wasiovuta. Mvutaji anaweza kuwa na mikono na miguu myembamba huku tumbo likitangulia.

Maisha yenyewe yanafupika. Katika mji wa Framingham, Marekani, wakazi wamekuwa wakifuatiliwa kiafya tangu mwaka 1948. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa mtu wa miaka 40 aliye na unene uliokithiri na anayevuta sigara aliishi miaka pungufu kwa wastani wa 13.3 kwa mwanamke na 13.7 kwa mwanaume, akilinganishwa na asiyevuta mwenye uzito wa kawaida. Kwa baba mwenye mtoto wa miaka sita, miaka 13 inaweza kuwa tofauti kati ya kuiona harusi ya mtoto huyo na kutoiona.

Kipi kinaanza?

Picha ya MRI inaonyesha kuwa mambo mawili yapo pamoja, lakini peke yake haisemi lipi lilizaa jingine. Huenda ubongo wenye breki dhaifu ndio unaomtanguliza mtu kwenye sigara na chakula kingi. Huenda sigara na uzito ndivyo vinavyodhoofisha breki. Inawezekana pia mambo yote mawili yakazungukana.

Mwaka 2018 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti uliotumia taarifa za vinasaba za watu takribani 450,000. Watafiti waliona kuwa waliorithi mwelekeo wa kuwa na uzito mkubwa walikuwa pia na uwezekano zaidi wa kuanza kuvuta sigara na kuvuta nyingi kwa siku. Kwa maneno mengine, unene wenyewe unaweza kumsogeza mtu kwenye sigara. Moja ya sababu inaweza kuwa ileile ya baba wa mtaani: kuvuta ili asiendelee kunenepa.

Kwa familia, maana yake ni kwamba kushughulikia kimoja na kukiacha kingine ni kufunga mlango wa mbele na kuacha wa nyuma wazi.

Hofu ya kunenepa

Hofu ya baba huyu haikutoka hewani. Nikotini kweli hupunguza hamu ya kula. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kwa panya kuwa nikotini huamsha seli fulani za ubongo zinazozima njaa. Mtu akiacha, seli hizo hukosa msukumo, na njaa iliyokuwa imefunikwa hurudi.

Kampuni za sigara zililijua soko hilo mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1920 nchini Marekani, matangazo ya sigara za Lucky Strike yaliwahimiza wanawake wachukue sigara badala ya pipi ili wabaki wembamba. Biashara ikakua.

Ongezeko la kweli ni kiasi gani? Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa na BMJ mwaka 2012 ulionyesha kuwa walioacha sigara bila kutumia dawa waliongezeka wastani wa kilo 4.7 katika miezi 12. Sehemu kubwa iliongezeka katika miezi mitatu ya kwanza. Wastani huo unaficha tofauti kubwa: takribani asilimia 16 walipungua uzito, na takribani asilimia 13 waliongezeka zaidi ya kilo 10.

Je, kilo hizo zinafuta faida ya kuacha? Utafiti mwingine mkubwa wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2018, ulijibu swali hilo. Walioacha na kunenepa sana walipata hatari zaidi ya kisukari kwa muda, kisha hatari hiyo ikashuka. Lakini hata hao hatari yao ya kufa ilibaki chini kuliko ya walioendelea kuvuta. Uzito unatakiwa kudhibitiwa, ila si sababu ya kurudi kwenye sigara.

Kwa upande wa ubongo, habari ni njema zaidi. Mwaka 2009 Kelly Cosgrove na wenzake wa Yale walipima vipokezi vya nikotini kwa walioacha sigara. Kati ya wiki ya 6 na ya 12, idadi ya vipokezi ilikuwa imerudi kama ya wasiovuta.

Sasa mrudie baba yule. Mara ya kwanza alianguka baada ya miezi miwili, mara ya pili wiki ya saba. Alikuwa amemaliza sehemu mbaya kuliko zote na ubongo wake ulikuwa njiani kutulia. Aliangushwa na mizani ya bafuni na suruali, wakati kilo nyingi za kuongezeka zilikuwa zimekwisha kuongezeka. Hakuna aliyemwambia.

Watoto wanaotazama

Mtoto wa mvutaji ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuvuta kuliko mtoto wa asiyevuta. Na ubongo wa kijana uko katika hatari ya pekee, kwa sababu sehemu ya mbele, ile ya breki, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Mfumo wa zawadi hukomaa mapema, breki hufuata nyuma. Nikotini ikiingia kipindi hicho inakuta gari lina mafuta ya kutosha na breki bado zinafungwa.

Tanzania ina sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003, na Kenya ina yake ya mwaka 2007. Zote zinakataza kumuuzia sigara mtoto wa chini ya miaka 18. Hata hivyo, kuna mzazi anayemtuma mtoto kibandani kununua sigara moja moja na kiberiti, na mtoto huyo anajifunza njia.

Binti wa miaka 16 anayechekwa shuleni kwa unene anastahili kuangaliwa kwa jicho la karibu. Kwenye simu anaweza kukutana na madai kwamba sigara za kielektroniki au shisha zinapunguza mwili. Sigara hizo nyingi zina nikotini ileile. Na kuhusu shisha, Shirika la Afya Duniani (WHO) limeeleza kuwa kikao kimoja cha saa nzima kinaweza kumwingizia mtu moshi wenye ujazo mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja. Ladha ya tunda haipunguzi kitu.

Athari zinaanza hata kabla ya kuzaliwa. Watoto ambao mama zao walivuta sigara wakati wa ujauzito huwa na hatari ya kuzaliwa na uzito mdogo, na baadaye utotoni huonekana kuwa na uwezekano zaidi wa unene kuliko wenzao.

Nini kifanyike nyumbani

Hatua ya kwanza ni kupima. Uzito wa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe hutoa kipimo cha BMI. Baba mwenye kilo 92 na urefu wa mita 1.70 anapata 31.8. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni unene uliokithiri. Kipimo kingine hakihitaji hesabu nyingi: kiuno kisifikie nusu ya urefu. Kwa baba huyu, kiuno kiwe chini ya sentimita 85. Presha na sukari zipimwe siku hiyohiyo kwenye kituo cha afya.

Hatua ya pili ni kuweka tarehe ya kuacha na kuhesabu wiki 12 kwenye kalenda. Familia nzima iijue. Wiki ya kwanza huwa ndiyo ngumu kuliko zote, na hasira hupungua taratibu ndani ya wiki mbili hadi nne. Mke na watoto wakilijua hilo mapema, hawatadhani baba amebadilika tabia.

Hatua ya tatu ni kuuliza dawa. Chingamu na plasta za nikotini ziliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO mwaka 2009, na dawa za bupropioni na vareniklini mwaka 2021. Si kila famasi inazo, na si kila mtu anafaa kuzitumia, hasa mjamzito na mwenye maradhi mengine. Daktari au mfamasia ndiye wa kuulizwa kwanza. Ushauri wa mtaalamu ukiungana na dawa huongeza uwezekano wa kufanikiwa.

Hatua ya nne ni chakula, na hapa wengi hukosea kwa kumnyima mtu kula. Mwili wenye njaa kali huifanya kengele ilie maradufu. Ni afadhali kubadilisha sahani: nusu iwe mboga za majani na nyinginezo, robo ugali au wali, robo maharage, samaki, kuku au dagaa. Soda iondoke, kwani chupa ya mililita 350 ina sukari ya takribani vijiko 9 vya chai. Kwa mdomo uliozoea kushika kitu, matango na karoti zilizokatwa vipande zikae karibu. Karanga ni nzuri, ila zipimwe kwa kiganja, zisiliwe kwa bakuli.

Hatua ya tano ni miguu. Hamu ya sigara hupanda na kushuka ndani ya dakika chache. Matembezi ya haraka ya dakika 10 hadi 15 yameonekana kuipunguza, na hapohapo yanasaidia uzito, presha na usingizi. Saa ileile ya jioni ambayo baba alikuwa akitoka "kupunga upepo," atoke kweli, na mtoto mmoja amfuate.

Hatua ya sita ni usingizi. Anayekoroma hadi pumzi kukatika amweleze daktari. Tatizo hilo linatibika.

Hatua ya saba ni ulimi. Neno "kibonge" linalotamkwa kwa utani mezani linaweza kumrudisha mtu kibandani usiku huohuo. Vilevile "nilijua utashindwa." Wengi wanaofanikiwa kuacha walijaribu mara kadhaa kabla. Akiteleza na kuvuta moja, hesabu iendelee kesho yake asubuhi, bila kesi.

Wiki 12

Katika nyumba ya baba wa miaka 42, jaribio la tatu linaweza kuanza tofauti na mawili ya kwanza. Kalenda inabandikwa ukutani karibu na jiko. Binti mkubwa anapewa kazi ya kuweka alama kila usiku. Mizani inatolewa bafuni na kupelekwa juu ya kabati, ishuke mara moja kwa wiki tu, Jumamosi asubuhi.

Mke anafungua mshono wa suruali mbili za kazini, anazitoa kiunoni, na kuzitundika bila kusema neno. Kilo tatu au nne zikija, zitamkuta baba na nguo za kuvaa.

Wiki ya saba itafika, ile aliyoangukia mara ya mwisho. Siku hiyo mke atamkumbusha kwamba zimebaki tano.